Uhamishaji wa Programu kutoka Kompyuta ya Kisasa hadi Kompyuta Kongwe: Ufafanuzi kwa Mazingira ya Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Reli ya Kati inayopita Kilosa ina upana wa milimita 1,000. Kutoka Kilosa, tawi lake moja linaelekea kusini kupitia Mikumi hadi Kidatu, na hapo linakutana na reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067. Tofauti hiyo ya milimita 67 inatosha kulizuia behewa lolote kuvuka. Kwa sababu hiyo, mwaka 1998 kilijengwa Kidatu kituo cha kuhamishia mizigo kutoka mabehewa ya upande mmoja hadi ya upande wa pili. Tangu mwaka 2024 treni za reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, nazo zinapita Kilosa, na kwa hiyo wilaya moja sasa ina reli mbili zisizoweza kupokezana hata behewa moja.

Mzigo wenyewe haubadiliki katika safari hiyo. Kinachobadilika ni chombo kinachoubeba. Hali hiyohiyo humkabili mtu anayetaka kuhamisha programu kutoka kompyuta ya leo kwenda katika kompyuta iliyotengenezwa miaka 35 au 40 iliyopita. Programu ni mfuatano wa baiti, na baiti ni zilezile katika mashine zote mbili. Kinachokosekana ni kituo cha Kidatu: mahali ambapo chombo kimoja kinaweza kukabidhi mzigo kwa kingine. Makala haya yanafafanua namna kituo hicho kinavyoweza kujengwa kwa vifaa vinavyopatikana, na mahali ambapo kazi hiyo hukwama mara nyingi.

2.0 Kompyuta kongwe katika muktadha wa Tanzania

Maandishi mengi kuhusu kompyuta kongwe yametoka Marekani na Uingereza, na yanachukulia kwamba mashine husika ni ya nyumbani, kama vile Apple II au Commodore 64. Dhana hiyo haiwezi kuhamishiwa Tanzania bila marekebisho. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye hatua kwa hatua. Matokeo yake ni kwamba kizazi kizima cha mashine za miaka ya 1970 hakikufika kwa wingi, na kompyuta zilipoanza kuenea maofisini, zilizoingia zilikuwa hasa za aina ya IBM PC na zile zinazolingana nayo, zikiendeshwa na mfumo wa MS-DOS. Zilifika kupitia ofisi za umma, miradi ya wafadhili, vyuo na vituo vya utafiti. Hazikuingia kwa kupitia sebule za watu.

Kwa mtafiti jambo hili ni nafuu kubwa. Aina ya mashine inayotarajiwa ni moja, na utaratibu wake unafahamika. Lakini lina upande wake wa pili: mashine ya ofisini ina data ya ofisi ndani yake, na data hiyo mara nyingi haina nakala nyingine.

Eneo la Kilosa na Mikumi linafaa kuwa mfano kwa sababu ni eneo la kumbukumbu za muda mrefu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kimefanya majaribio ya mbegu kwa miongo mingi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imekuwa mahali pa uchunguzi wa nyani tangu miaka ya 1970. Kazi za namna hiyo hupata thamani kutokana na urefu wa mfululizo wake. Mwaka mmoja ukipotea katikati, hakuna fedha itakayoweza kuununua. Ieleweke kwamba mashine inayoelezwa hapa chini si ya kituo chochote kati ya hivyo. Ni mfano wa jumla: kompyuta ya aina ya XT yenye diski ya ndani ya megabaiti 10, kiendeshi kimoja cha disketi za inchi 5.25, na hifadhidata iliyotengenezwa kwa CDS/ISIS.

3.0 Programu iingie ili data itoke

Swali la msingi linalopaswa kuulizwa ni kama uhamishaji unahitajika kweli. Ikiwa diski ya ndani inaweza kuchomolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine, basi hakuna haja ya kuisumbua mashine ya zamani. Kwa diski nyingi za miaka ya 1990 njia hiyo inawezekana. Kwa diski za kizazi cha XT kwa kawaida haiwezekani. Diski hizo zilisomwa na kadi maalumu ya udhibiti, na kadi na diski huzoeana: diski iliyoandaliwa na kadi moja aghalabu haisomeki kwa kadi ya aina nyingine, sembuse kwa kompyuta ya leo ambayo haina tundu la kuipokea. Mashine yenye uhakika zaidi wa kuisoma ni ileile iliyoiandika.

Hapo ndipo uhamishaji wa programu unapokuwa sharti. Ili data itoke, ni lazima kwanza programu ya mawasiliano iingie. Pengine hata CDS/ISIS yenyewe, ambayo UNESCO iliitoa kwa kompyuta ndogo mwaka 1985 na kuisambaza kwa maktaba na vituo vya nyaraka, italazimika kurudishwa ikiwa mafaili yake yameharibika, kwa sababu ndiyo inayojua kuzitoa rekodi katika muundo wa ISO 2709 ambao mifumo ya baadaye inaweza kuupokea.

Muda nao si rafiki. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake na kufurika Kilosa. Maelfu ya watu walipoteza makazi na njia ya reli iliharibika. Kompyuta iliyowekwa sakafuni katika chumba cha stoo haihitaji mafuriko makubwa kiasi hicho ili iangamie. Unyevu wa kawaida wa masika huotesha ukungu juu ya disketi, na diski ya ndani iliyokaa miaka 20 bila kuzunguka inaweza kugoma siku yoyote. Kuna pia hatari ya kawaida kuliko zote, nayo ni uamuzi wa kusafisha stoo na kuuza vyuma chakavu kwa kilo.

4.0 Disketi: njia inayoonekana rahisi

Wazo la kwanza la watu wengi ni kutumia disketi. Kiendeshi cha nje cha disketi kinachochomekwa katika tundu la USB bado kinapatikana kwa bei nafuu, lakini kinasoma disketi za inchi 3.5 tu. Mashine ya mfano ina kiendeshi cha inchi 5.25 chenye uwezo wa kilobaiti 360, na hakuna kiendeshi cha kawaida cha USB cha ukubwa huo. Mwenye kompyuta ya kati ya miaka ya 1990 anaweza kufunga humo kiendeshi cha inchi 5.25, lakini kile kinachopatikana zaidi ni cha megabaiti 1.2. Kiendeshi hicho kinaweza kuandika disketi za kilobaiti 360, na hapo ndipo mtego ulipo.

Disketi ya kilobaiti 360 ina njia 40 kila upande, ilhali kiendeshi cha megabaiti 1.2 kimeundwa kwa njia 80 katika nafasi ileile. Kichwa chake cha kuandikia ni chembamba. Kikiandika juu ya disketi iliyowahi kutumiwa katika kiendeshi cha zamani, kinaacha mabaki ya maandishi ya awali pembeni mwa njia. Kichwa kipana cha mashine ya XT kinasoma maandishi mapya na mabaki kwa pamoja, na matokeo yake ni makosa ya kusoma yanayojitokeza hapa na pale bila mpangilio. Anayeshuhudia hali hiyo kwa kawaida huilaumu disketi. Disketi haina kosa. Njia ya kuepuka mtego huo ni kutumia disketi ambayo haijawahi kuandikwa kabisa, au iliyofutwa yote kwa sumaku, kisha iandaliwe na kuandikwa katika kiendeshi kimoja tu, yaani kile chembamba.

Disketi za namna hiyo ni adimu Morogoro mjini, achilia mbali Mikumi. Kwa hiyo, disketi ichukuliwe kuwa njia ya akiba, na waya ndio njia kuu.

5.0 Waya wa mfuatano

Karibu kila kompyuta ya aina ya PC ya miaka hiyo ina poti ya mfuatano, yaani tundu linalopitisha biti moja baada ya nyingine kwa kanuni ya RS-232. Kompyuta ya leo haina tundu hilo, ila hupewa kwa kifaa cha kubadilisha USB kuwa RS-232. Mnunuzi awe mwangalifu. Madukani kuna vifaa vinavyofanana navyo ambavyo hutoa volti 5 au 3.3 kwa ajili ya mafundi wa vidude vya elektroniki. RS-232 hutumia volti chanya na hasi zinazoweza kufikia 15, na kifaa cha volti 5 kikiunganishwa humo kinaweza kuungua papo hapo.

Waya wenyewe hauuzwi kirahisi, lakini fundi redio yeyote mwenye lehemu anaweza kuutengeneza. Kinachotakiwa ni nyaya saba. Upande wa kompyuta ya kisasa una kichwa cha pini 9. Upande wa XT una kichwa cha pini 25. Kanuni ni kwamba mdomo wa mmoja uelekezwe kwenye sikio la mwingine: pini ya kutuma iende kwenye pini ya kupokea. Mafundi wengi wakisikia hivyo huvusha nyaya za pini ya 2 na ya 3, na hapo wanakosea. Katika kichwa cha pini 9, pini ya kutuma ni ya 3. Katika kichwa cha pini 25, pini ya kutuma ni ya 2. Kwa hiyo katika waya huu 2 inakwenda 2, na 3 inakwenda 3, na uvukaji unatokea wenyewe. Waya wa ardhi unatoka pini ya 5 hadi ya 7. Zilizobaki ni nne: 7 iende 5, 8 iende 4, 4 iende 6, na 6 iende 20.

Nne hizo za mwisho mara nyingi huachwa kwa kudhani kwamba nyaya tatu zinatosha. Zinatosha kwa programu ya mawasiliano inayozungumza na poti moja kwa moja. Hazitoshi kwa hatua ya kwanza ya kazi hii, kwa sababu hatua hiyo inategemea huduma za msingi za mashine, ambazo hukataa kutuma au kupokea mpaka zione ishara kwamba upande wa pili uko tayari.

Suala la umeme linahitaji neno moja. Waya wa ardhi unaziunganisha mashine mbili mwili kwa mwili. Ikiwa moja inatumia umeme wa gridi na nyingine jenereta, tofauti ya volti kati yake inaweza kupita katika waya na kuua saketi ya poti. Kompyuta ya kisasa iwe ya mpakato, iendeshwe kwa betri yake, na waya uchomekwe wakati mashine zote mbili zimezimwa.

6.0 Tatizo la kuku na yai

Baada ya waya kukamilika, kikwazo cha kweli kinajitokeza. Ili kompyuta kongwe ipokee programu, inahitaji programu ya kupokelea. Na programu hiyo nayo haina njia ya kuingia isipokuwa kwa kupokelewa. Ufumbuzi ni kutumia vile vitu vichache ambavyo MS-DOS yenyewe ilikuja navyo.

Amri ya MODE COM1:300,N,8,1 huiweka poti katika mwendo wa biti 300 kwa sekunde. Kisha amri ya COPY COM1 ANZA.TXT huiambia mashine ichukue kila kinachoingia kwa waya na kukiandika katika faili. Hapa pana mipaka miwili. Kwanza, mwendo uwe mdogo, kwa kuwa MS-DOS haina uharaka wa kupokea na herufi zitakazowahi kabla haijawa tayari zitapotea. Pili, COPY ikisoma kutoka kwenye poti hupokea maandishi tu: ikikutana na herufi yenye namba 26 huhesabu kwamba faili limekwisha. Programu yoyote ya kawaida inaweza kuwa na baiti hiyo katikati yake, na itakatwa hapo.

Kwa hiyo programu ya kwanza haitumwi kama programu. Inatumwa kama maandishi. Kila baiti huandikwa kwa tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita, ndani ya mistari inayoanza kwa herufi E ambayo programu ya DEBUG inaielewa kuwa ni agizo la kujaza kumbukumbu. Mwishoni huwekwa jina la faili, urefu wake kupitia RCX, agizo la W la kuandika, na Q la kutoka. Mtumaji huongeza herufi ya 26 ili COPY ijue kwamba kazi imekwisha. Baada ya hapo, amri ya DEBUG < ANZA.TXT hugeuza maandishi hayo kuwa programu kamili. Ikiwa Q imesahauliwa, mashine itaganda na haitasikia kibodi, kwa kuwa inasubiri agizo kutoka katika faili lililokwisha. Dawa yake ni kuzima na kuwasha upya.

Programu ndogo ya kupokelea yenye baiti 1,024 huwa na mistari 64 ya baiti 16. Kila mstari una takribani herufi 56, hivyo jumla ni herufi 3,584. Kwa mwendo wa biti 300, ambao ni herufi 30 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua dakika 2 hivi. Ni muda mfupi kwa jambo linaloonekana gumu namna hii.

Ikumbukwe kwamba tatizo hili si geni. Waandaaji wa Kermit, itifaki iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981 na kupewa jina la chura wa katika televisheni, walikabiliana nalo tangu mwanzo. Walisambaza programu yao pia katika muundo wa maandishi uliogeuza kila baiti tatu kuwa herufi nne, pamoja na programu fupi ya BASIC ya kuirejesha katika hali yake. Mtafiti wa leo anapita katika njia iliyokwisha kufyekwa.

7.0 Baada ya mlango kufunguka

Programu ndogo ikishaingia, kazi yake ya pekee ni kuileta Kermit kamili. Kermit hugawa faili katika vifurushi, huambatanisha jumla hakiki kwa kila kifurushi, na hurudia kutuma kile kilichoharibika njiani. Upande wa kompyuta ya kisasa ipo C-Kermit, ambayo tangu mwaka 2011 imetolewa kwa leseni huria. Mwendo sasa unaweza kupandishwa hadi biti 9,600, yaani baiti 960 kwa sekunde. Disketi nzima ya kilobaiti 360, yenye baiti 368,640, hupita kwa dakika 6 na sekunde 24, bila kuhesabu muda wa vifurushi vyenyewe. Diski nzima ya megabaiti 10 ingehitaji zaidi ya saa 3. Ni busara kutuma faili mojamoja, kwani saa 3 za umeme usiokatika haziwezi kuahidiwa na mtu.

Programu inayoingizwa lazima ilingane na kichakato. Mashine ya XT ina kichakato cha 8088, na programu iliyotengenezwa kwa 80386 haitafanya kazi hata ikifika salama. Majina ya mafaili yasizidi herufi 8 na kiambishi cha herufi 3.

Kuna kosa moja ambalo halionekani wakati wa uhamishaji, na ambalo kwa mtafiti wa Kiswahili ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina alama juu ya herufi, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kwamba maandishi yake hupita salama kati ya mashine yoyote na nyingine. Isipokuwa ng'. Programu za kisasa za kuandikia hubadilisha alama iliyonyooka ya ng' kuwa iliyopinda, na katika msimbo wa UTF-8 alama hiyo iliyopinda ni baiti tatu. Kompyuta kongwe huzisoma baiti hizo kama herufi tatu tofauti, na neno ng'ombe huonekana kwenye kioo kama ngΓÇÖombe. Orodha ya vijiji ikiandaliwa katika kompyuta ya leo na kupelekwa katika hifadhidata ya zamani ili kulinganisha rekodi, Mang'ula haitakutana na Mang'ula. Utafutaji utarudisha jibu kwamba hakuna rekodi. Msomaji asiyejua sababu ataandika katika ripoti yake kwamba eneo hilo halikuwa na kumbukumbu. Alama zote zilizopinda zigeuzwe kuwa zilizonyooka kabla faili halijatumwa, na mistari imalizwe kwa mtindo wa MS-DOS.

Kabla ya kusoma chochote kutoka diski ya ndani, mashine iachwe ikiwaka kwa nusu saa. Diski za kizazi hicho huongoza vichwa vyake kwa mota ya hatua, na chuma kikiwa baridi njia haziko pale zilipokuwa siku zilipoandikwa. Kazi ya alasiri Kilosa huweza kufanikiwa pale ambapo ile ya alfajiri imeshindwa, na kisa chake ni joto.

Hifadhidata ya CDS/ISIS haikai katika faili moja. Rekodi zimo katika faili lenye kiambishi MST, na mahali zilipo kila moja huoneshwa na faili la XRF. Maana ya sehemu za kila rekodi imo katika FDT. Anayechukua MST peke yake kwa kuwa ndilo kubwa atapata rekodi ambazo sehemu zake zina namba tu, bila majina, na hakuna atakayeweza kusema kama sehemu ya 24 ni jina la mbegu au jina la shamba. Kwa hiyo mafaili yote yenye jina moja la hifadhidata yatolewe kwanza kama yalivyo, kabla programu yoyote haijaruhusiwa kuyafungua, kwa sababu CDS/ISIS inaweza kuandika ndani ya MST wakati inapofanya kazi. Nakala hiyo ya kwanza iwekwe katika vyombo viwili, kimoja kiondoke Kilosa siku hiyohiyo. Usafirishaji wa rekodi kwa ISO 2709 ufanywe baadaye, na idadi ya rekodi zilizotoka ilinganishwe na ile inayooneshwa na mashine yenyewe.